Mabinti Wenye Mvi

Tarehe 3 Februari

Kitinda wangu,

Ukiona bahasha nene usishtuke, hakuna aliyekufa. Nimeandika kwa sababu simu haifai kwa maneno haya. Chumbani tunalala wanawake wanne, na kiwandani simu tunaziacha getini. Dereva wa lori la maboksi anakuja huko kwenu kila wiki, nimemwomba akupe mkononi.

Ile sheria mpya ya kazi iliyokuwa ikisifiwa redioni, kwamba itafungua milango ya ajira, imefika kwetu. Mlango umefunguka kweli, ila sisi tumetolewa nje. Jumatatu walitukusanya uwanjani wakatuambia kuanzia mwezi ujao kiwanda hakina wafanyakazi. Watu mia mbili tumesimama pale tunatazamana, tunaambiwa hatupo! Sasa tutaajiriwa na wakala. Mkataba ni wa miezi mitatu, ukiisha unaandikwa upya kama mgeni aliyefika jana. Likizo hakuna, ukiugua shauri yako. Mkaguzi wa serikali naye haji tena, eti kiwanda kitajikagua chenyewe. Chama cha wafanyakazi kimebaki na mwenyekiti na kabati.

Hayo yote ningeyameza. Lakini wakala hachukui mtu aliyepita miaka thelathini na mitano, na mimi nina arobaini na nne. Miaka kumi na moja nimesimama kwenye mashine ya kukata makaratasi ya maboksi, nikisikia inavyokohoa najua inataka nini, na leo naambiwa nimezeeka. Mwanangu amebakiza mwaka mmoja na nusu amalize shule. Nimeshika tama siku mbili.

Jana msimamizi wetu, yule tunayemwita Filimbi, alinivuta pembeni. Akaniuliza, "Mama, wewe huna mdogo wako?" Nikamwambia ninaye, muuguzi, nimemzidi miaka kumi na mitatu. Akasema, "Basi una miaka thelathini na mmoja." Akaenda zake. Kumbe wenzangu wameshaanza. Ninayesimama naye mashine ya pili siku hizi ni binti wa dada yake. Aliyekuwa akiitwa Bibi sasa ni mjukuu wake mwenyewe. Nimezungukwa na mabinti wenye mvi.

Kitinda, nakuomba nakala ya cheti chako cha kuzaliwa na ya kitambulisho. Wewe uko huko, kazi yako ni ya kuitwa kwa zamu, jina lako huku halina kazi, limekaa tu. Nisingekuomba kama ningekuwa na njia nyingine.

Dada yako


Tarehe 11 Februari

Dada yangu,

Nakala ziko ndani ya bahasha hii. Nimeziweka kabla sijaanza kuandika, ili nisije nikabadili mawazo.

Maana niliogopa, nisikufiche. Lakini nilikumbuka ni nani aliyenilipia chuo. Mama alipofariki ulisimama zamu mbili kwenye mashine hiyohiyo ili mimi nivae gauni jeupe. Nitaanzaje kukunyima jina? Sura zetu ni moja, macho ya mama na pua ya mama. Paka rangi nywele kabla ya kupiga picha. Na ukiulizwa mwaka wa kuzaliwa usianze kuhesabu vidole kama kawaida yako.

Mimi sijambo. Ile zahanati bado inaniita wanaponihitaji. Wiki iliyopita walinihitaji siku mbili. Kila asubuhi naamka, naoga, navaa, nakaa kitandani na simu mapajani. Isipolia mpaka saa tatu, navua. Kuna jambo nimeliombea, ila sitalitaja, halijaiva.

Nakuomba uwe mwangalifu.

Mdogo wako,
Kitinda


Tarehe 20 Machi

Bibie mwenye jina,

Nimepata kazi! Hongera kwako, umekuwa fundi wa mashine ya kukata na hujui hata rangi yake.

Siku ya kwanza nusura niharibu. Filimbi anaita majina, mimi nimesimama namtafuta huyo asiyeitika, mpaka Mwalimu akanifinya kiunoni. Mwalimu ni yule ninayelala naye chumba kimoja. Alikuwa akifundisha shule ya watoto, mikataba ikaja hukohuko, sasa anakunja maboksi. Wakala mwenyewe ni kijana mpole, ana viatu safi, anatuita "mama" na huku karatasi yake imeandikwa "miaka 31". Tulicheka chumbani mpaka mbavu zikauma. Tumemweza, Kitinda.

Kazi yenyewe imebadilika. Kiwango cha siku wamekipandisha, usipokifikia mara tatu mkataba haurudi. Mashine yetu ina vitufe viwili, kimoja mkono wa kulia na kimoja wa kushoto. Kisu hakishuki mpaka uvibonyeze vyote, maana yake mikono yote miwili iko mbali. Sasa ukifuata hivyo hufiki popote. Tumekibana kitufe kimoja kwa utepe wa kufungia maboksi, kimelala chini siku nzima. Mkono mmoja unabonyeza, mwingine unalisha karatasi. Filimbi anapita anatazama dari.

Usinune huko. Najua umenuna.

Dada yako, ambaye sasa ni wewe


Tarehe 2 Aprili

Dada,

Sijanuna, nimekasirika. Ung'oe huo utepe. Mimi nimeona mikono iliyotoka kwenye mashine, nimeifunga kwa mikono yangu, na hakuna hata mmoja kati ya watu wale aliyekuja akasema alikuwa mzembe. Wote walikuwa hodari wa kazi, kama wewe.

Kisha nijibu. Ukiumia, nani atakutibu? Mkataba umesema nini? Uliusoma au ulitia sahihi tu?

Kitinda


Tarehe 9 Aprili

Kitinda,

Mkataba una kurasa nane na tulipewa kalamu kabla ya karatasi. Mwalimu aliusoma wa kwake baadaye. Anasema kuna bima ya ajali. Haya, umeridhika?

Nikiung'oa utepe leo, kesho kibarua kimeota nyasi, na atakayeshika mashine ataubandika tena. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Tuzungumze mengine. Hilo jambo lako limeiva au bado? Kama ni mwanamume, nataka kujua kazi yake kwanza.

Dada yako


Tarehe 14 Mei

Mdogo wangu mpendwa,

Mwandiko huu usikushangaze, ni wa Mwalimu. Nimejikata kidogo mkono wa kulia, basi nimepata mapumziko ya bure. Nalala kama malkia, naletewa uji kitandani. Usije, nauli ni ghali na kazi yako ni ya simu, wakipiga wakukose itakuwa hasara. Mwanetu shuleni hajui, usimwambie. Nitakuandikia mwenyewe wiki ijayo.

Dada yako

Dada Kitinda, hapa chini naandika kwa niaba yangu mwenyewe, yeye amelala. Aliniambia niandike "kidogo" nami nimeandika, lakini si kidogo. Ni vidole vitatu, cha shahada, cha kati na cha pete. Wiki moja sasa. Aliniomba nisikwambie, na mimi nimeshindwa kulala na siri hiyo. Nisamehe. — Mwalimu


Tarehe 19 Mei

Dada,

Nimejua. Usimgombeze Mwalimu.

Nimeketi sakafuni na barua yako sijui kwa muda gani. Niambie nani alikushona, wapi, unapewa dawa gani, kidonda kinatoa harufu au hakitoi. Nakuja Jumamosi. Na hiyo bima ulianza kuidai? Usitie sahihi karatasi yoyote kabla sijafika.

Kitinda


Tarehe 24 Mei

Kitinda,

Usije. Sikuombi, nakukataza. Na hili nimemwambia Mwalimu aliandike kwa herufi kubwa.

Ukija hapa tutakuwa wawili wenye jina moja. Getini wana nakala ya kitambulisho chako, hospitali nao wanayo. Nilipofikishwa pale damu inanitoka, Filimbi ndiye aliyewatajia jina, akataja lako, na kitandani ubao uliandikwa wewe. Nesi alikuwa akiniita kwa jina lako, nalia, na nilikuwa nikijisikia kama nakulilia wewe.

Kidonda kinapona, hakinuki. Wamenitibu vizuri. Kazi imekwisha bila shaka, mashine ilishapata mtu mchana uleule.

Bima ipo. Wanalipa matibabu na fungu dogo kila mwezi kwa aliyepoteza kiungo. Ni maisha yangu hayo, Kitinda, maana mkono huu hakuna atakayeuajiri tena kwa jina lolote. Lakini lazima mwenye madai aende mbele ya madaktari na kitambulisho halisi, nakala hawataki. Nikiwa nacho mkononi, nitapita. Nikiwaambia ukweli, ni kesi ya vyeti vya udanganyifu, na madai yanakufa.

Nilikwenda kwa wakala kuuliza tarehe. Akanipa kiti, akafunga mlango. Akaniambia, "Mama, mimi nilijua tangu siku ya kwanza. Nywele umepaka rangi, shingo hukupaka." Nikamuuliza, sasa mbona ulinichukua? Akatabasamu tu. Nimelala macho wazi nikitafuta jibu, na nimelipata. Mwenye jina la kuazima hadai. Halalamiki kitufe kikibanwa, haendi kwa mkaguzi, hata mkaguzi akiwepo. Nusu ya watu kiwandani wako hivyo. Tulikuwa tunacheka tumemweza, kumbe sisi ndio aliokuwa akiwatafuta.

Nitumie kitambulisho chako kwa dereva. Nitakirudisha ndani ya mwezi.

Dada yako, kwa mkono wa Mwalimu


Tarehe 6 Juni

Dada,

Nimechelewa kujibu kwa sababu kila nikianza nachana.

Lile jambo halikuwa mwanamume. Mwezi wa nne nilichaguliwa hospitali kuu ya serikali. Nafasi sita, walioomba hawahesabiki. Ajira ya kudumu, Dada, yenye likizo na pensheni, huenda ni za mwisho kutolewa. Nilinyamaza kwa sababu nilitaka nije na barua mkononi nikuone uso.

Jumatatu nilikwenda kupimwa afya. Daktari akaingiza namba ya kitambulisho kwenye kompyuta, akasoma, akanitazama. Akasema, "Lete mikono." Nikaiweka mezani. Akaigeuza, akahesabu vidole, akageuza tena. Akaniuliza, "Ulikatwa mkono upi?" Nikacheka. Halafu nikalia mbele yake mpaka akafunga pazia.

Kwenye daftari la wafanyakazi wa nchi nzima mimi ni fundi wa mashine kwenye kiwanda cha maboksi, na tangu Mei ni mlemavu wa kudumu wa mkono wa kulia. Hawezi kunipitisha, mfumo haukubali. Amenipa mpaka tarehe thelathini nilete barua ya mwajiri aliyeniandikisha, yaani wakala wako, ikisema ni makosa. Bila hiyo nafasi inakwenda kwa wa saba.

Sasa unaona. Barua hiyo ikiandikwa, wewe huna madai, maana aliyeumia hakuwahi kuwepo. Isipoandikwa, unapata fungu lako na mimi nabaki na simu mapajani, na hata zahanati wakilifungua hilo daftari hawatapiga tena. Muuguzi asiye na mkono wa kulia nani atamwita?

Nimekukasirikia. Naandika wazi kwa sababu nikiificha itanioza. Nimekukasirikia kwa ule utepe, na kwa "limekaa tu". Halafu najikasirikia kwa kukukasirikia wewe badala ya yule mwenye viatu safi. Kitambulisho kiko mezani mbele yangu. Nimekitia kwenye bahasha mara tatu na mara tatu nimekitoa. Sijui nikuombe nini. Nikisema nitumie barua, nakunyang'anya chakula. Nikikutumia kitambulisho, najizika. Niambie wewe, Dada. Tangu mama afe wewe ndiye unayeamua.

Kitinda


Tarehe 13 Juni

Kitinda,

Huu ni mkono wangu wa kushoto. Herufi zinatembea kama zimelewa, vumilia.

Nimekwenda kwa wakala. Nimetia sahihi kwamba niliiba vyeti vyako na wewe hukujua. Usipige kelele. Imeshakwisha.

Nilidhani atanisumbua, aniambie rudi kesho. Akavuta droo. Barua ilikuwa tayari, imepigwa chapa na muhuri umegongwa, imebaki tarehe tu. Alikuwa akinisubiri. Akaijaza tarehe, akanipa na bahasha. Akaahidi hatanipeleka polisi maadamu sitadai kitu. Alinishika mkono kuniaga, akashika huu uliofungwa, akaomba radhi. Ana adabu yule kijana.

Barua hii hapa. Ipeleke upesi.

Usinililie. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mwalimu anasema kuna mama anatafuta mtu wa kumwangalizia watoto watano mchana, hahitaji cheti. Mimi nimekulea wewe, hao watano watanishinda nini? Vaa gauni lako jeupe. Mmoja wetu akiwa na kazi ya kudumu, nyumba yetu imesimama.

Dada yako


Tarehe 4 Julai

Dada yangu mpenzi,

Nimepata! Daktari alisoma barua, akafuta, akaniambia karibu. Ni ya kudumu kama walivyosema, na likizo na kila kitu. Nimepangiwa wodi ya watoto. Madirisha ni makubwa na kuna kabati lenye namba yangu. Wenzangu ni watu wema, mmoja anavuta miguu kama wewe ukiwa umechoka.

Mwezi ujao nitaanza kukutumia chochote nitakachopata, na ada ya mwanetu niachie mimi. Usikatae. Naomba uache kusimama sana na uunyanyue mkono ukilala.

Sina neno la kukushukuru. Nimelitafuta sikulipata.

Mdogo wako anayekupenda,
Kitinda


Tarehe 4 Julai

Mwalimu,

Barua hii nimemwomba dereva akupe wewe peke yako, uisome ukiwa mbali na Dada. Nakuandikia kwa sababu uliwahi kuniambia ukweli nilipofichwa, na sina mwingine.

Barua ya makosa niliipeleka tarehe ishirini na moja. Daktari aliikubali, alifurahi kweli. Lakini tarehe moja Julai tulipokwenda sita wote kutia sahihi, tulikuta meza imehamishwa. Hospitali haiajiri tena wauguzi wapya moja kwa moja, sheria inaruhusu, wametafuta unafuu. Tulielekezwa chumba cha pili. Mkataba wa miezi mitatu, kurasa nane, kalamu kwanza. Juu ya karatasi kuna jina la kampuni. Ni wakala yuleyule, Mwalimu.

Nilishika kalamu nikamfikiria Dada, nikataka kuirusha ukutani. Nje kulikuwa na foleni. Nikatia sahihi.

Kwa hiyo wodi ni ya kweli na kabati ni la kweli. Mengine niliyomwandikia ni uongo. Naomba, akina mama wa kiwandani wakileta habari kwamba hospitali nazo zimeingia kwa wakala, wewe mwambie ni hospitali nyingine. Akitaka kuja kunitembelea, tafuta sababu. Na usinijibu mambo haya kwenye barua ambayo yeye anaweza kuiona.

Kitinda


Tarehe 12 Julai

Kitinda,

Nimeisoma chooni, nimeichana, nimeitumbukiza. Nitafanya ulivyosema.

Barua yako ya furaha ameisoma mwenyewe, kisha akanipa niwasomee wenzetu chumbani, kisha akanirudisha mwanzo kwa sababu mmoja alikuwa ameingia kwa kuchelewa. Pale penye likizo alinisimamisha akawaambia, "Mmesikia? Likizo." Leo wale watoto watano anaowaangalia wanajua kwamba mama yao mdogo ni muuguzi wa serikali. Amemwandikia binti yake shuleni kwamba na yeye aombe uuguzi, hakuna tena kufikiria kitu kingine.

Maumivu bado anayo, hasa asubuhi kukiwa na baridi, anahisi vile vidole kama vipo. Jana nilikuwa namfunga kitambaa nikaona machozi, nikamuuliza kama nimekaza sana. Akasema hapana, sikukaza. Akautazama mkono akaniambia, "Mwalimu, bora mimi. Wenzangu walikatwa wakakosa vyote. Wangu umekwenda kununua kitu."

Nikamwambia kweli. Nikamalizia kufunga.

Mwalimu